Mwenyeheri Niels Steensen, tabibu aliyekiri kuwa haujui ubongo

Tarehe 5 Desemba ni kumbukumbu ya kifo cha Mwenyeheri Niels Steensen, ambaye vitabu vya sayansi humwita kwa jina lake la Kilatini, Nicolaus Steno. Waamini wengi wa kwetu hawamfahamu, ingawa kila mmoja wetu ana mwilini kitu chenye jina lake: mrija uletao mate kutoka tezi iliyo mbele ya sikio hadi ndani ya shavu, mkabala na magego ya juu. Aliugundua mjini Amsterdam mwaka 1660 alipokuwa akipasua kichwa cha kondoo, naye ni kijana wa miaka 22. Mwalimu wake alidai kwamba ugunduzi ule ulikuwa wake, ukazuka ugomvi mkali wa maandishi.

Alizaliwa Copenhagen, Denmark, mwaka 1638, katika familia ya Kilutheri ya mfua dhahabu. Alipokuwa na umri wa miaka mitatu aliugua, na ugonjwa ule haukumwacha hadi alipofikia sita. Wenzake walipocheza nje, yeye alikaa miongoni mwa wazee akisikiliza mazungumzo yao. Baba yake akafariki angali mdogo. Wataalamu wa makuzi ya mtoto hutilia mkazo sana miaka hiyo ya mwanzo, nami siwapingi. Lakini wapo watoto wengi waliougua vivyo hivyo wasifike alikofika yeye.

Alisomea uganga Copenhagen, kisha Leiden nchini Uholanzi. Huko alionyesha kwamba moyo, uliodhaniwa kuwa tanuri la joto la mwili, ni msuli kama misuli mingine. Lakini jambo ninalolistaajabia zaidi alilitenda Paris mwaka 1665.

Alialikwa kutoa mhadhara juu ya ubongo mbele ya wasomi. Wakati huo mafundisho ya mwanafalsafa René Descartes, aliyefariki mwaka 1650, yalikuwa yamewateka wengi. Yeye alifundisha kwamba roho huuongoza mwili kwa kukiyumbisha kitezi kidogo kilicho katikati ya ubongo, kiitwacho tezi ya pineali. Yalikuwa maelezo ya kuvutia, nayo yalijibu kila swali. Steensen alianza kwa kukiri kwamba yeye hajui chochote kuhusu ubongo. Kisha akaeleza yale ambayo kisu chake kilikuwa kimemwonyesha: kitezi kile kimeshikamana na sehemu zinazokizunguka, wala hakiwezi kuyumba kama ilivyodaiwa. Akasema pia kwamba roho, idhaniayo kuwa yaweza kupenya kila kitu ulimwenguni, ikirudi nyumbani mwake yenyewe hushindwa kupaeleza. Shauri lake kwa watafiti lilikuwa rahisi na gumu kwa pamoja: zifuateni nyuzi nyeupe za ubongo, mwone zinakoanzia na zinakoishia. Mhadhara huo ulichapishwa mwaka 1669.

Humkumbuka mtu huyu kila mzazi anaponijia ofisini kuniuliza kwa nini mwanawe, aliyekuwa mchangamfu, sasa hasemi na mtu wala halali usiku. Mara nyingi ameshapewa jibu na majirani: amerogwa, au ukoo una laana. Ni jibu la haraka linalofunga mlango wa hospitali. Padre naye hushawishika kuwa na jibu la haraka la kwake, lenye harufu ya ubani. Mimi husali pamoja nao, nikakiri kwamba sijui, kisha nikawasihi wampeleke kwa daktari wa magonjwa ya akili.

Mwaka 1666 Steensen alikuwa Italia, chini ya ufadhili wa mtawala wa Toscana. Huko, kwa kuchunguza meno ya samaki papa mkubwa aliyevuliwa baharini, aliweka misingi ya elimu ya miamba. Katika mji wa Livorno aliyashuhudia maandamano ya Ekaristi Takatifu. Akawaza: ama hiki ni kipande cha mkate na watu hawa wamepumbaa, ama ni Mwili wa Kristo, na mimi kwa nini siuheshimu? Wazo hilo halikumwachia. Mtawa mmoja aliyehudumu katika duka la dawa la konventi, Maria Flavia del Nero, alimsaidia kwa maongezi na sala, naye akapokelewa katika Kanisa Katoliki mwaka 1667.

Mwaka 1675 akapewa daraja ya upadre, na mwaka 1677 uaskofu. Sayansi akaiweka kando. Mwanafalsafa Leibniz, aliyekutana naye Hannover, alisikitika kwamba mtafiti hodari kiasi kile ameacha kazi yake. Zamani nilimwona Leibniz kuwa mtu asiyeelewa wito. Siku hizi naona alikuwa na haki ya kusikitika: kuitika wito kulimgharimu Steensen kitu chema kwelikweli.

Alitumwa kaskazini, walikoishi Wakatoliki wachache waliotawanyika. Akiwa askofu msaidizi wa Münster, alijiondoa mwaka 1683 kupinga uchaguzi wa askofu uliotiwa doa na fedha. Pete na msalaba wake wa kiaskofu aliviuza ili awasaidie maskini. Alifariki Schwerin mwaka 1686, katika maumivu makali ya tumbo, akiwa na umri wa miaka 48. Mwili wake ulirudishwa Firenze ukazikwa katika Basilika ya San Lorenzo, na tarehe 23 Oktoba 1988 Mtakatifu Yohane Paulo II akamtangaza Mwenyeheri.