Mate ya Mbu na Bwana Aliyefeli Mtihani

Wanachuo wenzangu, semista iliyopita nilipata sapu ya somo la vimelea. Sioni haya kulisema, maana tulikuwa wengi. Kilichoniuma ni swali lililoniangusha: eleza kwa nini watengeneza chanjo ya malaria wameng'ang'ania protini moja ya kwenye ganda la sporozoiti. Niliandika mistari minne, mitatu ya kubuni. Na mimi ndiye niliyechagua kozi hii kwa sababu ya malaria! Mdogo wangu alipatwa na degedege akiwa na miaka mitatu, nikambeba mgongoni usiku hadi zahanati huku majirani wakisema apelekwe kwa mganga. Alipona. Mtoto wa nyumba ya pili hakupona.

Basi, nikirudia kusoma kwa ajili ya sapu nikakutana na Ronald Ross. Jina tulishalisikia sote tangu sekondari: Mwingereza aliyegundua kwamba mbu ndiye anayebeba malaria. Ila hawakutuambia kwamba huyu bwana naye alifeli.

Ross alizaliwa Almora, India, mwaka 1857, mtoto wa afisa wa jeshi la Uingereza. Akiwa na miaka minane alipelekwa Uingereza kusoma. Yeye alitaka kuandika mashairi na kuchora. Baba akataka daktari. Hapo wengi wetu tunajijua. Akaingia chuo cha tiba cha hospitali ya St Bartholomew's, London, akisoma kwa shingo upande. Mwaka 1879 alipita mtihani wa upasuaji lakini ule wa pili aliouhitaji ukamshinda, akaenda kufanya kazi ya udaktari melini. Aliurudia, akapita, na mwaka 1881 akaajiriwa katika utumishi wa tiba wa India. Miaka mingi ya mwanzo aliitumia kwa tungo, riwaya na hesabu kuliko wagonjwa.

Wakati huo daktari wa Kifaransa, Alphonse Laveran, alikuwa ameshaona vimelea vya malaria katika damu ya askari huko Algeria, mwaka 1880. Ross hakuamini. Aliandika kabisa kupinga. Mwaka 1894, akiwa likizo London, Patrick Manson alimkalisha mbele ya hadubini akamwonyesha kwa macho yake, kisha akampa wazo kwamba huenda mbu ndiye mbebaji. Ross akarudi India mwaka 1895 akiwa mtu mwingine.

Manson alidhani mbu akifa majini, mtu anayanywa maji hayo na kuugua. Kwa hiyo Ross alianza kwa kuwanywesha watu maji yaliyofiwa na mbu, kwa malipo. Nimesoma hapo mara mbili. Leo ukipeleka pendekezo la utafiti la namna hiyo kwenye kamati ya maadili, utatolewa mbio.

Njia hiyo haikumfikisha mbali. Miaka miwili alipasua mbu wa aina isiyofaa, bila kujua kwamba haifai. Agosti 1897, huko Secunderabad, joto likiwa kali, skrubu za hadubini yake zilikuwa zimeliwa na kutu kwa jasho, na feni ya kuvuta kwa kamba hakuweza kuitumia kwa sababu ingepeperusha mbu wake mezani. Ndipo akapata mbu wachache wenye mabawa ya madoadoa, hawa tunaowaita Anofelesi. Mgonjwa mmoja wa malaria, Husein Khan, akakubali kulala ndani ya chandarua ili mbu wale wamnyonye, kwa ujira wa anna moja kila mbu. Anna kumi na sita ndizo zilizofanya rupia, rupia zilezile zilizozunguka hadi pwani yetu enzi hizo. Tarehe 20 Agosti, akiwa amebakiwa na mbu wawili watatu tu, Ross aliona kwenye ukuta wa tumbo la mbu vijifuko vyenye punje nyeusi, sawasawa na zile za kimelea cha malaria kwenye damu ya mtu. Usiku huo aliandika shairi. Muda si mrefu jeshi likamhamishia Rajputana, mahali ambapo malaria ilikuwa adimu. Waajiri ni walewale.

Mwaka 1898 alipata nafasi Calcutta. Watu wengi waliogopa kuchomwa sindano, akageukia malaria ya ndege. Msaidizi wake, Mahomed Bux, alimsaidia katika kazi hiyo ya mbu na ndege siku hadi siku. Mwezi Julai, Ross alifuata vijidudu vyembamba kama nyuzi ndani ya mwili wa mbu hadi akafika kwenye tezi za mate. Kisha mbu hao wakawauma shomoro wazima, na shomoro wakaugua. Kumbe ugonjwa unatoka na mate!

Hizo nyuzi ndizo sporozoiti. Ross aliziona umbo, hakuwa na namna ya kujua zimevaa nini.

Mwaka huohuo Waitaliano wakiongozwa na Giovanni Battista Grassi walionyesha kwamba malaria ya binadamu hubebwa na Anofelesi. Ross aligombana na Grassi maisha yake yote, na kwa maoni yangu alijishushia heshima. Tuzo ya Nobel ya 1902 ilikwenda kwake peke yake. Alifundisha Liverpool, akatumia hesabu kuonyesha kwamba si lazima kuua mbu wote ili malaria ikome, akalalamika kwamba serikali haikumlipa ipasavyo. Alifariki London mwaka 1932.

Kuhusu vazi la zile nyuzi: mwaka 1967 Ruth Nussenzweig na wenzake, New York, waliwachanja panya kwa sporozoiti zilizodhoofishwa kwa mionzi, panya wakapata kinga. Baadaye ikaonekana kwamba kingamwili hushika protini inayoifunika sporozoiti mwili mzima. Mwaka 1984 jeni yake ikasomwa. Kipande cha protini hiyo, kikiunganishwa na protini ya virusi vya homa ya ini B, ndicho chanjo ya RTS,S. Majaribio yake makubwa yalianza 2009 katika nchi saba za Afrika, kwa watoto 15,459, na Bagamoyo na Korogwe zikiwemo.

Kwa nini protini hiyo? Kwa sababu mbu hutema sporozoiti chache tu, nazo hukimbilia ini. Zikishaingia humo, kila moja huzaa maelfu. Ukitaka kumkamata mwizi, mkamate mlangoni akiwa peke yake. Shida ni kwamba ikiponyoka moja tu inatosha kuleta ugonjwa, ndiyo maana kwa watoto wa miezi 5 hadi 17 waliopata dozi nne, kinga kwa karibu miaka minne ilikuwa kama asilimia 36.

Mistari hiyo ndiyo iliyonipungukia semista iliyopita. Sapu ni Alhamisi, saa mbili asubuhi.