ALFRED BÜCHI, BABA WA TABO

Ukisimama kwenye steji ya Embu au kule Makutano, Meru, hukosi kuwasikia madereva na makanga wakibishana juu ya gari lenye tabo. Lakini ni wangapi wanaomjua aliyeibuni? Leo nitakusimulia maisha yake.

Alfred Büchi alizaliwa tarehe 11 Julai 1879 mjini Winterthur, nchini Uswisi. Baba yake alikuwa mkubwa katika kiwanda cha Sulzer, kwa hivyo kijana huyu alikua karibu na injini. Alisomea uhandisi mjini Zurich, kisha akafanya kazi Ubelgiji na Uingereza.

Kilichomkera Büchi ni moshi. Aliona kuwa moshi wa injini hutoka ukiwa na joto na nguvu, halafu unapotea bure tu. Akawaza: mbona moshi huo usizungushe gurudumu dogo lenye mapanga, nalo lizungushe jingine la kusukuma hewa ndani ya injini? Hewa ikizidi, mafuta mengi zaidi huchomeka, na injini ile ile hupata nguvu zaidi. Aliandikisha uvumbuzi huo mwaka wa 1905 akiwa na miaka 26.

Je, mambo yalimnyookea? La hasha! Mtambo wake wa majaribio wa mwaka wa 1915 haukufaulu. Mwingine angekata tamaa, lakini yeye aling'ang'ana hadi mwaka wa 1925 alipofaulu kuongeza nguvu za injini kwa zaidi ya asilimia 40. Meli mbili za Ujerumani, Preussen na Hansestadt Danzig, ziliwekwa tabo, na injini zao zikatoka nguvu za farasi 1,750 hadi 2,500. Hebu fikiria, miaka 20 ya kungoja!

Büchi aliaga dunia Oktoba 1959 akiwa na miaka 80. Hakuiona Oldsmobile Jetfire ya Marekani ya mwaka wa 1962, mojawapo ya magari madogo ya kwanza kuuzwa yakiwa na tabo. Mnunuzi aliweza kuchagua gia za mkono au otomatiki. Huku kwetu, Toyota Celica yenye tabo ilishinda Safari Rally mwaka wa 1984.

Fundi mmoja wa jua kali hapa Embu alinieleza kwamba tabo na otomatiki hupatana. Kwa gia za mkono, dereva huinua mguu kila anapobadilisha gia, moshi unapungua na tabo inalegea. Otomatiki hubadilisha mguu ukiwa bado umekanyaga, kwa hivyo tabo haipoi. Lakini nguvu zikizidi, oili ya giaboksi hupata moto, na isipopozwa na kubadilishwa kwa wakati, giaboksi inakufa.

Tena tabo husaidia kupanda, haisaidii kuteremka. Sisi wa barabara ya Embu kwenda Meru tunalijua daraja la Nithi na roho lilizochukua. Hata mwenye otomatiki ateremke na gia ndogo, asitegemee breki pekee.

Wenzangu, mvumilivu hula mbivu. Ukifeli hesabu muhula huu, mkumbuke Büchi. Yeye alifeli mwaka wa 1915, akafaulu mwaka wa 1925.