Rashidi Kawawa: kutoka sinema hadi lugha ya ofisi

Wengi wanamfahamu Rashidi Mfaume Kawawa kama msaidizi mwaminifu wa Mwalimu Nyerere. Mimi namsoma kwanza kama mwigizaji.

Alizaliwa mwaka 1926 upande wa Songea, kusini mwa Tanganyika, akasoma Tabora, kisha akaajiriwa na serikali ya kikoloni, katika kazi za maendeleo ya jamii. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, kampuni ya Afrika Kusini ilitengeneza filamu za Kiswahili kwa ajili ya serikali hiyo, naye akawa mwigizaji mkuu wa Muhogo Mchungu. Watazamaji walimwona mtu wao akisema lugha yao, bila mkalimani.

Mwaka 1955 akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Januari 1962, Nyerere alipojiuzulu, Kawawa akashika uwaziri mkuu; baadaye akawa Makamu wa Pili wa Rais, na Waziri Mkuu tena toka 1972 hadi 1977. Alifariki tarehe 31 Desemba 2009.

Vyeo hivyo vinatajwa kila mahali. Kwetu wanafunzi wa lugha, jambo kubwa ni la Januari 1967, alipoagiza shughuli za serikali ziendeshwe kwa Kiswahili. Agizo peke yake lisingetosha: barua, fomu na sheria zilihitaji maneno. Mwaka uleule Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria. Hata hivyo sekondari na vyuo vikuu vilibaki na Kiingereza, na mabishano hayo hayajaisha.

Hapa Butembo na Beni, Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Tunakitumia sokoni, kanisani na redioni. Lakini mama anayeandikisha mtoto wake anapewa karatasi ya Kifaransa, na pengine anaitia saini bila kuielewa. Maisha ya Kawawa yananionyesha kwamba lugha haiingii ofisini kwa kupendwa tu. Inahitaji mwenye mamlaka wa kuagiza na wasomi wa kuandaa maneno. Mamlaka hatuna, maneno ni kazi yetu, na fomu ya kuandikisha mtoto ni fupi ya kutosha kuanzia.