Mickey Mantle: Mwana wa mchimba migodi aliyeacha kadi ya mamilioni

KIPANDE cha karatasi ngumu kisichozidi kiganja kiliuzwa mnadani nchini Marekani mnamo Agosti 2022 kwa Dola milioni 12.6. Hakuna kumbukumbu yoyote ya michezo iliyokuwa imewahi kufikia bei hiyo. Kilichapishwa sura ya kijana wa miaka 20 aliyeweka gongo begani, macho yake yakitazama mbali. Kijana huyo, Mickey Charles Mantle, alikuwa amefariki miaka 27 kabla ya mnada huo.

Mantle alizaliwa Oktoba 20, 1931, katika kijiji cha Spavinaw, jimbo la Oklahoma, na akalelewa katika mji mdogo wa Commerce, ambako wanaume wengi walichimba madini ya zinki na risasi. Baba yake, Elvin, aliyefahamika zaidi kwa jina la Mutt, alikuwa miongoni mwao. Mzee huyo aliipenda besiboli kiasi cha kumpa mwanawe jina la mchezaji aliyemhusudu, Mickey Cochrane. Jioni, baada ya kutoka mgodini, yeye na babu ya mtoto walimrushia mpira, mmoja kwa mkono wa kulia na mwingine kwa mkono wa kushoto, ili ajifunze kuugonga kutoka pande zote mbili. Ustadi huo ndio uliokuja kumtofautisha na wenzake.

Alipokuwa shuleni alipigwa teke mguuni katika mchezo mwingine, akapatwa na uambukizo wa mfupa. Ilihofiwa kwamba mguu ungekatwa, lakini penisilini, dawa iliyokuwa ngeni wakati huo, iliuokoa. Mwaka 1949 alisajiliwa na klabu ya New York Yankees, na mwaka 1951 akaingia katika kikosi cha kwanza. Mambo yalimwendea mrama. Alirejeshwa katika timu ya chini, akakata tamaa na kutaka kuiacha kabisa besiboli. Baba alisafiri hadi alikokuwa, na badala ya kumbembeleza, akaanza kumfungia virago ili warudi nyumbani akachimbe madini. Kijana akaghairi. Kabla ya msimu kumalizika alikuwa amerudi New York, safari hii akivaa jezi nambari 7.

Katika fainali za Oktoba mwaka huo, alipokuwa akikimbilia mpira, mguu wake ulinasa katika kifuniko cha mfereji na goti la kulia likaumia vibaya. Walipofika hospitalini alimwegemea baba yake, na mzee akaanguka. Ndipo ikagunduliwa kwamba alikuwa na saratani ya tezi za limfu. Baba na mwana walilazwa chumba kimoja. Mutt alifariki Mei 1952, na tangu hapo Mantle aliamini kwamba naye, kama wanaume wengine wa ukoo wake, hangeishi maisha marefu. Imani hiyo ilichangia kumtumbukiza katika ulevi.

Kadi iliyouzwa mwaka 2022 ilichapishwa miezi michache tu baada ya msiba huo. Hapa pana jambo linalowachanganya wengi: si kadi yake ya kwanza. Kadi ya uchipukizi wake ilitolewa na kampuni ya Bowman mwaka 1951, nayo ni ya thamani kubwa. Hata hivyo, ile ya 1952 ya kampuni ya Topps, nambari 311, huishinda kwa bei. Topps ilikuwa ikitoa mkusanyiko wake mkubwa wa kwanza, wenye kadi 407 za rangi za kuvutia, zilizouzwa pamoja na chingamu. Kadi ya Mantle iliangukia fungu la mwisho, lililofika madukani msimu ukielekea ukingoni, wakati watoto walikuwa wameanza kushughulikia mchezo mwingine. Maboksi yakabaki bohari. Sy Berger, aliyeshiriki kuzibuni kadi hizo, alisimulia baadaye kwamba mwaka 1960 masalio yalipakiwa mashuani na kutoswa katika bahari ya Atlantiki.

Lakini uhaba pekee hautoshi kueleza bei hiyo. Katika fungu hilohilo, kadi ya Mantle ilichapishwa mara mbili ya nyingi za wenzake, na bado zao huuzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei yake. Kinachopandisha thamani ni hamu ya watu. Watoto waliomshabikia miaka ya 1950 walikua, wakapata fedha, wakaanza kuutafuta utoto wao uliokuwa umetupwa na mama zao pamoja na takataka. Kisha huja suala la hali ya kadi: pembe kali, picha iliyokaa katikati, uso usio na mkwaruzo. Wakaguzi huipa alama hadi 10, na tofauti ya alama moja yaweza kuwa mamilioni ya dola. Kadi iliyoweka rekodi ilitoka katika shehena iliyogunduliwa mwaka 1986 karibu na Boston, ikiwa karibu haijaguswa. Mwaka 1991 ilikuwa imenunuliwa kwa Dola 50,000.

Sifa za Mantle uwanjani hazikuwa za kupakwa rangi. Mwaka 1956 aliongoza ligi yake kwa wastani wa .353, mipigo 52 ya kuvusha uzio na alama 130 alizozalisha. Alitwaa tuzo ya mchezaji bora mara tatu na ubingwa mara saba, akastaafu akiwa na mipigo 536 ya aina hiyo, yote akiwa na magoti mabovu. Mshahara wake haukuwahi kupita Dola 100,000 kwa mwaka. Katika miaka ya 1980, alipokuwa mzee wa kutia saini kadi na mipira katika maonyesho ya wakusanyaji, alipata zaidi ya alivyopata akicheza.

Pombe ilikuwa imekwisha kumla. Mwaka 1994 aliingia kituo cha matibabu ya ulevi, na mwaka huohuo akampoteza mwanawe Billy. Juni 1995 alipandikizwa ini jijini Dallas. Mwezi uliofuata alijitokeza mbele ya wanahabari, amekonda, kofia ikimpwaya, akawaomba watoto wasiige maisha yake, na akahimiza watu kutoa viungo vyao kuokoa wengine. Saratani ilikuwa imeshasambaa. Alifariki Agosti 13, 1995, akiwa na umri wa miaka 63, akazikwa Dallas.