Garrett Morgan: fundi cherehani aliyeanzisha biashara ya dawa ya kunyoosha nywele



Jumamosi ukipita Mwanjelwa hapa Mbeya, au ukiwa Iringa mjini upande wa Miomboni, utakuta saluni zimejaa. Dada kakaa kwenye kiti, dawa kichwani, kafumba macho, anaambiwa avumilie kidogo ishike vizuri. Harufu unaipata tangu mlangoni. Wengi tumezoea, hatuulizi hii kitu ilianzia wapi. Leo nawaletea habari za mmoja wa watu wa mwanzo kabisa kuifanya biashara, na huwezi amini, kazi yake ilikuwa cherehani.

Garrett Morgan alizaliwa tarehe 4 Machi 1877 huko Kentucky, Marekani, mtoto wa wazazi waliowahi kuwa watumwa. Shule aliishia ya msingi. Akiwa kijana mdogo aliondoka nyumbani kutafuta maisha, na mwaka 1895 akafika mji wa Cleveland. Akaanza kutengeneza mashine za kushonea, kama hawa mafundi wetu wa barazani. Mwaka 1907 akafungua karakana yake mwenyewe. Mwaka uliofuata akamuoa Mary Hassek, mshonaji wa kizungu, jambo ambalo kwa Marekani ya wakati ule halikuwa mchezo. Wakafungua duka la kushona nguo.

Hapo ndipo nywele zinapoingia. Sindano zikienda kasi zilikuwa zinapata moto na kuunguza kitambaa cha sufi. Jamaa akawa anatafuta kimiminika cha kuzuia hilo. Inasimuliwa kwamba siku moja alifuta mikono kwenye kitambaa chenye manyoya, aliporudi akakuta manyoya yamenyooka. Akajaribu kwa mbwa wa jirani. Mbwa akanyooka manyoya hadi mwenye mbwa akashindwa kumtambua. Baada ya mbwa, akajipaka mwenyewe kichwani. Mwaka 1913 alikuwa na kampuni inayouza krimu ya kunyoosha nywele kwa watu weusi, na pesa ikaingia.

Tusisahau hilo la kujipaka mwenyewe. Nitalirudia.

Jamaa alikuwa na akili isiyotulia. Mwaka 1914 alipata hataza ya kofia ya kujikinga na moshi. Kila aliyekulia kwenye jiko la kuni Njombe au Tukuyu anajua kwamba moshi ukizidi unainama, kwa sababu hewa nzuri iko chini. Morgan alitumia akili hiyohiyo: kofia yenye mpira mrefu unaofika karibu na ardhi, na sponji yenye maji ya kuchuja hewa.

Tatizo likawa rangi yake. Wanunuzi wengine wakijua mvumbuzi ni mweusi walikuwa hawanunui. Akamkodi mwigizaji wa kizungu ajifanye ndiye mwenye mali, na yeye akajivika kama mwenyeji wa asili wa Marekani, akawa anaingia kwenye hema la moshi kuonyesha kofia inavyofanya kazi. Yaani mtu aliyetajirika kwa kuwasaidia weusi wenzake kubadili nywele, naye ilimlazimu abadili sura ili auze kitu cha kuokoa maisha.

Julai 1916 gesi ililipuka kwenye handaki lililokuwa linachimbwa chini ya ziwa Erie, Cleveland. Waokoaji wa kwanza waliingia wakafia humo. Usiku akaitwa Morgan. Akaja na ndugu yake Frank, wakavaa kofia zao wakaingia. Walitoa watu wawili wakiwa hai, na maiti. Nishani za ushujaa wakapewa wengine, na habari zilipoenea kuwa mwenye kofia ni mweusi, baadhi ya oda zikafutwa. Hakukata tamaa. Mwaka 1920 alianzisha gazeti la watu weusi, na mwaka 1923 akapata hataza ya nguzo ya kuongozea magari yenye ishara ya kusimamisha pande zote kwa muda kabla ya kuruhusu upande mwingine. Uzeeni macho yalimpotea karibu yote kwa ugonjwa wa presha ya macho. Alifariki tarehe 27 Julai 1963.

Sasa turudi saluni kwetu. Biashara aliyoianza ilikua, na dawa za leo ni kali. Kitana cha moto kinanyoosha kwa muda tu, ukungu wa Mbeya ukikupiga asubuhi nywele zinarudi kipilipili. Dawa hairudi nyuma. Inavunja viungo ndani ya unywele, na unabaki hivyo mpaka uote mpya. Dawa nyingi zina kostiki soda, ile ile ya watengeneza sabuni. Zile za kuchanganya krimu na maji yake zina kalsiamu haidroksaidi. Huwasha kidogo zaidi lakini hukausha nywele, na zinaunguza vilevile. Kalikiti ya kina kaka wa zamani ni kemikali nyingine kabisa; ukiiweka juu ya nywele zenye kostiki, nywele zinakatika. Na zile zinazoitwa keratini, baadhi zikipigwa pasi hutoa hewa ya formalini, ambayo imethibitishwa kusababisha saratani.

Mwaka 2022 ulitoka utafiti wa Marekani uliofuatilia wanawake 33,947 kwa karibu miaka 11. Makadirio yalikuwa hivi: kwa wasiotumia dawa za kunyoosha, asilimia 1.64 wangepata saratani ya mfuko wa uzazi kufikia miaka 70. Kwa waliotumia zaidi ya mara 4 kwa mwaka, asilimia 4.05. Haimaanishi kila anayeweka dawa ataugua, na haijathibitishwa kwamba dawa yenyewe ndiyo chanzo. Ila si jambo la kupuuza.

Simwambii mtu anyoe. Nywele ni zako dada. Lakini usiweke dawa kichwa kikiwa na kidonda, au umetoka kufumua na kujikuna. Ngozi ipakwe mafuta mgando kwanza. Ipakwe kwenye maotea mapya tu, na angalau wiki 8 zipite. Msusi avae glavu. Ikianza kuchoma, itolewe hapo hapo, si kuvumilia. Na isuuzwe hadi iishe: Juni na Julai, maji ya huku yakiwa barafu, mteja anaomba aachwe haraka na dawa inabaki kichwani. Bora maji yapashwe moto. Watoto wadogo waachwe na nywele zao.

Morgan alijaribu krimu kwenye kichwa chake kabla ya kuuza, na kofia akaivaa yeye kuingia kwenye gesi. Basi kabla hujakaa kwenye kile kiti, muulize msusi kopo lina nini na yeye mwenyewe angejipaka. Akishindwa kujibu, inuka uende zako.

Kina mama na wasusi wa Mbeya na Iringa, mnasemaje? Karibuni mchangie.