Sayyidna Umar na Mlango wa Nyumba ya Mtu

Umar bin Khattab, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, alizaliwa Makka katika ukoo wa Bani Adi, akakua mtu wa nguvu na hasira. Wasimulizi wa sira wametueleza kuwa alipopata habari ya kusilimu dada yake Fatma na mumewe Said, aliwaingilia nyumbani kwa ghadhabu, akawapiga. Damu ya dada yake ndiyo iliyomlainisha moyo, na siku hiyo hiyo akasilimu.

Mwaka 634 alishika ukhalifa baada ya Sayyidna Abubakar. Sham, Misri na Iraki ziliingia katika dola yake, naye mwenyewe akizunguka Madina usiku kuangalia hali za raia.

Imepokewa kwamba usiku mmoja alisikia sauti ndani ya nyumba, akashuku maasi, akapanda ukuta, akamkuta mtu na pombe. Mtu yule hakukana. Bali alimkumbusha Khalifa kuwa yeye ameasi mara moja na Khalifa mara tatu: amepeleleza, na Suratul Hujurat yakataza, ameingia kwa ukutani, na Suratul Baqara yaamrisha nyumba ziingiwe kwa milangoni, ameingia bila ya idhini wala salamu, na Suratun Nur yakataza. Khalifa akaikubali hoja, akamsamehe, akatoka.

Siku nyingine Abu Musa al-Ash'ari alipiga hodi kwake mara tatu, asijibiwe, akarudi zake. Umar alimtaka shahidi kuwa hayo ni mafunzo ya Mtume. Abu Said al-Khudri akashuhudia, naye Khalifa akasalimu amri. Alifariki mwaka 644, baada ya kuchomwa jambia katika sala ya Alfajiri.

Ndugu zetu wa Mishomoroni, yatupasa kuyazingatia haya. Shaka ya Umar ilikuwa ya kweli, wala ukweli wake haukuihalalisha njia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, yalinda nyumba na mali ya kila mtu zisipekuliwe ovyo. Na kifungu cha 50 chataka ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki ukataliwe, ukiwa utaharibu uadilifu wa kesi. Kwa kawaida askari huhitaji hati ya korti, itolewayo kwa kiapo, na hutumika baina ya kuchomoza jua na kuchwa kwake, ila korti ikiruhusu saa nyingine. Iko dharura pia: Sheria ya Polisi ya mwaka 2011 yamruhusu kuingia bila ya hati iwapo kungoja kutaharibu upelelezi, lakini kwanza aandike sababu zake.

Basi anayegongewa mlango asipigane wala asikimbie. Aombe kuiona hati, aisome, aite jirani ashuhudie, na aandike kila kitakachochukuliwa. Hatusemi haya ili mwovu apate maficho. Mwenye kosa na ashitakiwe, lakini aingiliwe kwa mlangoni. Ikiwa Amirul Muuminina alikubali kuonywa na mlevi juu ya jambo hili, hapana mwenye cheo aliye mkubwa mno kulikubali.