Robert Granjon, fundi aliyechonga mwandiko wa mukono

Siye watu wa mine tunajua shaba inatoka wapi. Lakini ginsi ilisaidia kutengeneza vitabu, wengi kati yetu hatukuelezwa. Ndiyo maana leo tunaleta maisha ya Robert Granjon.

Alizaliwa karibu mwaka 1513 ku Paris, mutoto wa muuza vitabu, akakamata kazi ya kuchonga herufi. Kazi ile ilikuwa ngumu. Fundi anachonga herufi moja kwa kinyume ku ncha ya chuma kigumu. Kisha anaipiga na nyundo ndani ya kipande cha shaba, inaacha shimo. Mu lile shimo wanamwanga risasi iliyochanganywa na bati na antimoni. Haikuwa mukuba yetu, ilikuwa ya kule Ulaya, lakini bila shaba hakuna herufi.

Granjon alifanya kazi ku Lyon, mji ambamo wafanyakazi wa imprimeri waligoma mwaka 1539. Aliona Waitalia wana mwandiko wao mu vitabu, Wafaransa hawana wao. Mwaka 1557 akatoa herufi sawa vile mutu anaandika na kalamu: laini, zenye mikia. Herufi moja ilikuwa na sura mbalimbali, ingine ya kuanza neno, ingine ya kumaliza. Ndiyo kusema vyuma vya kuchonga viliongezeka sana.

Mfalme Henri II akamupa karatasi: miaka 10 mutu asiige kazi yake. Karatasi ilikuwa nzuri. Mwaka uliofuata, pale pale Paris, Philippe Danfrie na Richard Breton wakatoa herufi zinazofanana sana na zake. Ku Antwerp, Ameet Tavernier naye akachonga za kwake, na kule mfalme wa Ufaransa hakuwa na nguvu. Siye tunaoshika mikataba yenye muhuri, habari ile haitushangazi.

Hata jina halikubaki lake. Yeye aliziita herufi za Kifaransa za mukono. Watu wakaziita Civilité, juu ya kitabu cha Erasme cha kufundisha watoto adabu, kilichopigwa nazo. Wazazi walizipenda: mutoto anajifunza kusoma, adabu na mwandiko ku ukurasa mumoja. Mu vitabu vile ziliendelea mpaka karne ya 19. Vitabu vikubwa havikuzitaka sana, na kwa kweli zinachosha macho.

Granjon aliuza kazi yake kwa Christophe Plantin wa Antwerp. Kutoka mwaka 1578, muzee wa miaka zaidi ya 60, alikuwa ku Roma akichonga herufi za Kiarmenia, za Kisiria na za Kiarabu. Alifia kule kule.

Vyuma vyake na vipande vyake vya shaba viko mpaka leo mu nyumba ya Plantin ku Antwerp, ule mji wa bandari ambako meli zilishusha shaba ya Katanga.